Shika kiuno kwanza, mahindi baadaye

SWALI: Daktari, hujambo? Nina kondoo majike 34, wengi machotara wa Corriedale. Msimu uliopita karibu thuluthi hawakushika mimba, na mapacha walikuwa wa kuhesabu. Kwa macho wote ni wanene. Jirani anasema niwape mahindi mwezi mzima kabla ya kuwaachia dume. Kila mmoja ale kiasi gani?
Mfugaji, Kinangop

JIBU: Sijambo, ndugu yangu. Hao unaowaona wanene, umewashika? Sufi ya Corriedale huficha mengi. Msimamishe kondoo atulie, weka kiganja kiunoni, nyuma tu ya ubavu wa mwisho, kisha bonyeza. Pingili za uti wa mgongo zikiwa kali kama meno ya msumeno, na vidole vikipita kwa urahisi chini ya ncha za mifupa ya pembeni, unono wa huyo ni alama 1 au 2 kati ya 5. Pingili zikiwa butu, na ncha huzipati mpaka ubonyeze, ni 3. Mifupa isipopatikana kabisa, ni 5. Siku dume anapoingia, tunataka 3 hadi 3.5.

Watenge kwa alama. Nadhani waliokonda watakuwa wale walionyonyesha sana. Kupanda alama moja kwenye nyasi nzuri huchukua wiki 6 hadi 8, kwa hiyo wana wao waliokwisha kuzoea majani waachishwe sasa. Wafunue kope pia: zikiwa nyeupe, shuku minyoo wanaofyonza damu. Dawa wapewe kabla ya dume. Dawa ya minyoo ya albendazole haifai mwezi wa kwanza wa mimba.

Mahindi ni ya wenye 2 hadi 2.5. Gramu 300 kwa siku zinatosha, ila anza na 100 uongeze polepole, la sivyo matumbo yataharibika. Anza wiki 3 kabla ya dume, uendelee wiki 3 baadaye. Ukikata ghafla, mimba changa zinaweza kupotea. Wenye 3.5 wape nyasi tu. Kwao mahindi ni hasara, hayaongezi mapacha. Wa 5 wapeleke malisho ya mbali watembee, lakini usiwashindishe njaa.

Dume hukumtaja kabisa, nami namshuku. Mshike kiuno, kisha korodani: ziwe imara na zilingane. Mbegu zake huchukua karibu wiki 7 kukomaa, hivyo kama ana kwato mbovu au homa, mtibu leo.