Jibu: Meli iliyokodiwa nzima isijazwe, karne ya 17
Ndugu, umeuliza: mfanyabiashara wa Ufaransa kakodi meli nzima kubeba tani 100, kaleta 70 tu. Alipe nauli ya ngapi?

Ya 100. Sheria ya Bahari ya Mfalme Louis XIV ya Agosti 1681 ilisema hivyo waziwazi: asiyeleta kiasi kilichoandikwa kwenye mkataba hulipa nauli kana kwamba vyote vimepakiwa. Akizidisha, ziada nayo hulipiwa.

Lakini nahodha naye amebanwa. Zile tani 30 zilizobaki wazi si zake: hawezi kupakia mzigo wa mtu mwingine bila ridhaa ya mkodi, na nauli ya mzigo huo lazima amhesabie mkodi. Vinginevyo angelipwa mara mbili kwa nafasi moja.

Kabla ya kumlaumu mfanyabiashara, pima ngama, yaani tumbo la meli linalobeba mizigo. Nahodha aliyetaja ujazo mkubwa kuliko halisi hulipa fidia. Tofauti isiyozidi 1/40 haihesabiwi kosa, yaani tani 2.5 kwa meli ya 100.

Meli ya mizigo ya watu mbalimbali ni habari nyingine: anayetoa mzigo wake kabla ya safari hulipa nusu ya nauli, na gharama za kupakua ni zake.