Swali la lugha: Botafogo walipoteza ubingwa, au uliwaponyoka?

Msomaji mmoja wa Mwanza ameniandikia hivi: "Tulikuwa kijiweni tunakumbushana Ligi Kuu ya Brazil ya 2023. Nikasema Botafogo walipoteza ubingwa na Santos wakashushwa daraja. Mzee mmoja akanikatiza: 'Mwanangu, utapotezaje kitu ambacho hujawahi kukishika? Na hao Santos, nani aliwashusha?' Watu wakacheka. Nisaidie, mwalimu, nirudi kijiweni na jibu."

Ndugu yangu, rudi ukamsalimie huyo mzee, maana amekushinda kwa haki mara mbili.

Poteza imetoka kwenye potea, na kinachokupotea ni kile ulichokuwa nacho. Aliyefukuzwa kazi amepoteza kazi. Aliyepeleka barua ya maombi akanyimwa amekosa kazi, na akisema ameipoteza mtamwuliza alianza lini. Sasa tazama Botafogo. Kabla ya msimu huo, mara ya mwisho walikuwa mabingwa mwaka 1995. Walichokuwa nacho 2023 ni uongozi wa ligi: pointi 47 katika mechi 19 za mzunguko wa kwanza, na pengo lililofika pointi 13. Kwa hiyo sema bila woga kwamba walipoteza uongozi, hata nafasi ya ubingwa, kwa kuwa hivyo vilikuwa mikononi mwao. Ubingwa wenyewe, hapana.

Je, tuseme waliukosa? Ni sahihi, ila neno limepoa mno. Msimu ule ligi ilikuwa na timu 20, na 19 zote ziliukosa, wakiwemo walioburuza mkia. Habari ya Botafogo haifanani na ya hao. Waliingia wiki za mwisho wakacheza mechi 11 bila kushinda hata moja, wakamaliza wa tano na pointi 64, huku Palmeiras wakitawazwa kwa pointi 70. Anguko la namna hiyo Kiswahili kina neno lake: ubingwa uliwaponyoka.

Ponyoka ni neno la mkono. Sahani yenye povu la sabuni huponyoka, na samaki huponyoka ukiwa umeshamvuta hadi ubavuni mwa mtumbwi. Hukuwa umemtia chomboni, kwa hiyo hujapoteza samaki, lakini kila aliyekuwa ufukweni alimwona. Chukua usiku wa tarehe 1 Novemba 2023, Botafogo wakiwa kwao na Palmeiras. Walikwenda mapumziko wakiongoza 3-0. Kipindi cha pili kijana Endrick akafunga mawili, na Palmeiras wakapindua meza: 4-3, bao la mwisho likiingia dakika za nyongeza. Siku nane baadaye Botafogo wakaongoza 3-1 dhidi ya Grêmio. Luis Suárez wa Grêmio akawatia mabao matatu peke yake, ikawa 4-3 tena. Sioni kitenzi kingine kinachobeba utelezi huo.

Ila chunga nani anaponyoka. Mtangazaji mmoja niliwahi kumsikia akisema "timu imeponyoka ubingwa". Hapo amegeuza mambo, kwa sababu anayeponyoka ndiye anayetoroka. Ubingwa ndio unaoponyoka, timu inaponyokwa. Walioponyoka kweli msimu ule ni Bahia na Vasco da Gama, walioshinda mechi zao siku ya mwisho wakajinasua wasishuke daraja.

Kwenye mechi ile ya Palmeiras, matokeo yakiwa 3-1, Tiquinho Soares wa Botafogo alipiga penalti na kipa wa Palmeiras, Weverton, akaizuia. Vijana siku hizi husema "alipoteza penalti". Sema alikosa penalti, au bora zaidi, penalti yake ilipanguliwa, kwa kuwa kukosa peke yake hakutuambii kama mpira ulikwenda nje au kipa alifanya kazi yake. Kuhusu "kupoteza mechi" sitamchapa mtu kiboko. Nairobi na Dar es Salaam inasemwa kila siku na imeshazoeleka. Mimi mwenyewe bado napenda "wamefungwa" na "wamelala 4-3", zina ladha.

Basi nani alipoteza ubingwa kwa maana kamili? Palmeiras, lakini mwaka uliofuata. Walikuwa mabingwa 2022, wakautetea 2023, kisha 2024 Botafogo haohao wakawafuata nyumbani kwao mwezi Novemba, wakawafunga 3-1 na kumaliza juu yao kwa pointi 79 dhidi ya 73. Hapo sema Palmeiras walipoteza ubingwa, au walivuliwa ubingwa. Huwezi kumvua mtu joho asilolivaa.

Turudi kwa Santos. Mzee wako anajua kazi ya kiambishi. Kushuka unashuka mwenyewe. Ukishushwa, yupo aliyekushusha. Tarehe 6 Desemba 2023 Santos walifungwa 2-1 na Fortaleza pale Vila Belmiro, uwanjani kwao, wakamaliza nafasi ya 17, na klabu iliyoanzishwa 1912 ikashuka daraja kwa mara ya kwanza. Walishuka kwa miguu yao wenyewe. Utasema Fortaleza ndio waliowashusha? Kwa utani wa kijiweni, sawa, ila Santos walikuwa wameanza kuteremka ngazi miezi mingi kabla.

Ukitaka mfano wa kushushwa, Brazil wanao tena mchungu. Mwaka 2013 Portuguesa ya São Paulo ilimaliza ligi na pointi 48, salama kabisa. Mahakama ya michezo ikagundua walimchezesha mchezaji aliyekuwa na adhabu, ikawakata pointi nne. Wakabaki na 44, chini ya Fluminense waliokuwa na 46. Fluminense wakanusurika na Portuguesa wakaenda daraja la pili. Hao walishushwa, na aliyewashusha anajulikana.

Dogo la mwisho, kwa sababu barua yako imeandika vizuri jambo ambalo magazeti hukosea: ni msimu wa 2023, si 2023/24. Ligi ile ilianza Aprili ikaisha Desemba mwaka uleule.