Skuli ilitaka vita, Ami akazungumza nazi

Swali lenu la wiki hii, "Wapiganaji wetu wa zamani tuwaenzi vipi: kwa mnara, kwa sherehe au kwa fedha?", nilikusudia kulijibu kwa neno moja tu: fedha. Nikalala nalo, asubuhi nikaamka na hasira, na hasira yenyewe haihusu mnara wala fedha.

Minara tunayo. Mnazi Mmoja ya Unguja kuna Beit el Amani, lile jumba la kuba lililofunguliwa 1925 kukumbuka vita vikuu vya kwanza. Mabaharia wa Kiingereza wa manowari ya Pegasus, iliyopigwa na Wajerumani pale bandarini 20 Septemba 1914, wana makaburi yao kwenye kisiwa cha Chapwani. Wapagazi wetu wa vita hivyo hivyo wameachiwa jina la kikosi chao, Kariakoo (kwa Kiingereza "Carrier Corps"), na mtoto wa Unguja ukimtajia Kariakoo anachokijua ni bembea za sikukuu. Sherehe nazo zipo: kila 25 Julai Rais anaweka mkuki na ngao, Mkuu wa Majeshi sime, tarumbeta inalia, na sisi Pemba tunaangalia kwenye televisheni, umeme ukiwepo.

Ami yangu, ndugu wa baba, alipigana vita vya Kagera, vile vya Tanzania na Uganda ya Idi Amin. Mwaka ambao binti yangu alikuwa darasa la tano, mwalimu wake aliomba mzee aliyewahi kwenda vitani aje azungumze na watoto, ikiwa inakaribia Siku ya Mashujaa. Nikamtaja Ami. Hilo ni kosa langu.

Alijitayarisha kama anakwenda kuposa. Kanzu imefukizwa udi, kofia imepigwa wanga hadi inasimama peke yake. Medali ilikuwa ndani ya mfuko wa rambo juu ya kabati. Pini yake imeliwa na kutu, basi mkewe akachomoa pini ya mtandio wake na kumfungia nayo kifuani. Ikakaa imepinda kidogo. Njia nzima Ami alikuwa akiigusa.

"Shikamoo Mzee!" Darasa zima.

"Marahaba wanangu." Akakaa, akaanza. Akawaambia vita ilipokuja alikuwa hajawahi kuona baridi. Usiku wa kwanza huko Kagera alivaa nguo zake zote, na juu yake akajifunga taulo. Halafu akaingia kwenye nazi. Miezi na miezi, wanangu, bila nazi! Ndizi zinachemshwa kwa maji matupu na chumvi. Kulikuwa na mwenzake kutoka bara ambaye kila akimwona anasita kula humwambia, "Mpemba, funga macho, kula, huku useme tui, tui." Watoto walicheka hadi mmoja akaanguka kwenye benchi. Nusu saa nzima ya nazi. Mimi nilikuwa nyuma karibu na dirisha, namwona mwalimu anaangalia saa.

Mwalimu akaingilia kati: "Mzee, waambie watoto mlivyomfyeka nduli." Ami akanyamaza, akaigusa medali. Mtoto mmoja wa mbele akauliza kama alimwona Amin. Akasema hakumwona. "Nilimwona mtu kalala pembeni ya barabara, kavaa buti moja." Mtoto akauliza: wetu au wao?

"Sikuangalia," Ami akajibu, akarudi kwenye ndizi.

Mwalimu akapiga makofi, wote wakapiga. Akapewa ndoo ya plastiki ya lita 20 yenye miche miwili ya sabuni ndani, akapigwa picha ameishika. Ndani ya gari aliipakata kama mtoto. Mimi nilikuwa natafuta neno la kumwambia. Yeye akaniuliza ndoo kama hii haina mfuniko wake.

Habari za Masaka, mji wa Uganda, nilizisoma mwenyewe ukubwani. Mji ule ulibomolewa na jeshi letu mwanzoni mwa 1979, kulipiza yaliyofanywa Kagera na jeshi la Amin. Ami kila akisimulia, akikaribia Masaka alikuwa anaruka moja kwa moja hadi kuingia Kampala, 11 Aprili, kama mtu anayeruka dimbwi. Nami sikumuuliza hata siku moja. Tulikuwa tukikaa pamoja jamvini tunachambua karafuu, tunatoa makonyo, saa nne, saa tano, na mimi nauliza habari za bei.

Kwa hiyo nilitaka kuandika kwamba sherehe zote ni ndoo bila mfuniko, wapeni wazee fedha mtuache. Pencheni jamii ya wazee wa Zanzibar ilipoanza 2016, shilingi 20,000 kwa mwezi kwa kila aliyetimiza miaka 70, Ami aliipokea kama mzee mwengine yeyote, na wallahi aliifurahia kuliko ile ndoo.

Lakini siku tuliyomzika, sheha aliuliza mwaka gani marehemu alikwenda vitani. Kaka yangu akasema 1978. Mkewe akasema hapana, alikwenda baada ya mfungo, labda ni 1979. Watu wazima sita kibarazani, hakuna aliyejua. Basi nabadilisha: jengeni. Lakini ukuta, si mnara, na uwe Pemba, karibu na sokoni, wenye majina na mwaka wa kila mmoja, tuache kubishana makaburini. Neno shujaa msiliandike, kwetu hapa neno hilo kila mtu ana mtu wake. Na wapagazi wa zile vita za kwanza, yeyote ambaye jina lake bado linapatikana, naye aandikwe.

Ila sijui kama Ami mwenyewe angekubali kuandikwa. Medali ile aliivaa siku moja tu, nyengine zote ilikaa juu ya kabati. Mkewe yuko hai, yuko Wete, angeweza kutuambia. Bado sijamuuliza.