Maswali ya Wasomaji: Weusi wa Odilon Redon

Tulipochapa picha ya buibui anayecheka, kazi ya mchoraji Mfaransa Odilon Redon, aliyechora kwa weusi mtupu kabla ya kugeukia rangi, barua zilimiminika. Tumechagua nne.

Ndugu Mhariri, mtu mwenye akili timamu anachoraje buibui mwenye uso wa binadamu? Huyu hakuwa mgonjwa? (Msomaji, Tanga)

Hakuwa mgonjwa. Alizaliwa Bordeaux mwaka 1840, akakulia zaidi Peyrelebade, shamba la mizabibu la familia yake katika eneo la Médoc. Rafiki yake Armand Clavaud, mtaalamu wa mimea, ndiye aliyemvutia kwenye maisha ya viumbe wadogo mno. Redon alieleza kwamba akishanakili kwa makini unyasi au jiwe, ndipo kichwa kinapochemka na mambo ya kubuni hujileta yenyewe. Mtazame tena huyo buibui wa mwaka 1881: ana miguu kumi badala ya minane, lakini vinyweleo vyake vimechorwa na mtu aliyewahi kumkodolea macho mdudu halisi. Ndiyo maana anatisha. Dubwana lisilo na chembe ya ukweli halimshtui mtu.

Nachora kwa makaa, lakini weusi wangu unaishia kijivu na unga unapukutika. Redon alifanyaje? (Mwanafunzi wa sanaa, Nairobi)

Hakuweka weusi mara moja. Alipaka, akafuta, akakwangua, akagandisha unga kwa dawa, kisha akapaka tena juu yake. Nyingi ya picha zake za makaa ziko kwenye karatasi yenye rangi, si nyeupe, na baadhi zimegeuka manjano kadiri karatasi na dawa zilivyozeeka.

Jaribu hivi. Tafuta karatasi yenye mikwaruzo kidogo, gramu 150 au zaidi. Ya kuchapia ofisini ni laini mno, haina pa kushika unga. Laza makaa ubavuni, paka ukurasa wote, kisha usambaze kwa kitambaa kikavu hadi upate kijivu kimoja. Sasa toa mwanga: finyanga sehemu laini ya ndani ya mkate mtupu, usio na siagi, au tumia raba laini, uinue unga pale panapotaka kung'aa. Giza ongeza mwishoni. Nyunyizia dawa ya kugandisha ukiwa umbali wa sentimita 30 hivi, kidogo kidogo, iache ikauke kabisa, halafu rudia tabaka jingine. Tabaka mbili au tatu zitakupa weusi wenye kina.

Kijivu chako kinatokana na kidole, tunakisia. Ukisugua kwa kidole unajaza vishimo vya karatasi na kuacha mafuta ya ngozi, kwa hiyo makaa mapya yanateleza. Dawa ikimwagika kwa wingi nayo huogelesha unga na kuacha madoa. Dawa ya nywele inafaa kwa mazoezi tu: baadaye hugeuka manjano. Na makaa ya jikoni yaache jikoni. Mengi ni magumu, yanakwaruza karatasi.

Litografia zake alizichonga kwenye jiwe? (Msomaji, Mombasa)

Litografia, yaani picha inayochapwa kutoka kwenye jiwe, haichongwi. Unachora kwa kalamu ya mafuta juu ya jiwe la chokaa lililosagwa likawa sawa, unapaka gundi ya arabiki iliyotiwa tindikali kidogo, unalilowesha maji, kisha unapitisha rola ya wino. Penye mafuta wino hushika, penye maji hukataa. Tindikali ikizidi hula vivuli vyepesi; gundi ikipungua, wino hutambaa hadi sehemu nyeupe.

Redon alishauriwa na mchoraji Fantin-Latour atumie karatasi ya kuhamishia: unachora kwenye karatasi, kisha mchoro unahamishwa hadi kwenye jiwe. Faida yake ni kwamba picha hugeuka mara mbili, hivyo inatoka jinsi ulivyoichora. Baada ya hapo aliweza kurekebisha juu ya jiwe lenyewe, akikwangua kupata mwanga. Albamu yake ya kwanza, *Dans le Rêve*, ilitoka mwaka 1879 kwa nakala 25 tu.

Ni kweli mke wake alitoka upande wetu wa Bahari ya Hindi? Na rangi zilianza lini? (Msomaji, Zanzibar)

Ni kweli. Camille Falte, aliyeolewa naye mwaka 1880, alikuwa na asili ya kisiwa cha Réunion. Rangi zilishika kasi miaka ya 1890, na shamba la Peyrelebade likauzwa 1897. Wengi hudai furaha ya kupata mtoto Arï, aliyezaliwa 1889, ndiyo iliyofukuza weusi; sisi tunaona ni maelezo mepesi mno, maana kwa miaka kadhaa alifanya yote mawili sambamba.

Ukibahatika kumiliki pasteli, yaani picha ya chaki laini za rangi, ya mtu yeyote, usiinyunyizie dawa ovyo, kwani rangi hupoteza mng'ao na kuwa za giza zaidi. Weka nafasi ya milimita 5 hivi kati ya picha na kioo. Usitumie plastiki badala ya kioo: umeme tuli wake huvuta unga kutoka kwenye karatasi.