Hakuna mto chini ya kiwanja chako

SWALI: Mhandisi, shikamoo. Nina kiwanja Mikindani, karibu na ufuko. Wazee hapa wanasema Mtwara haiwezi kuwa jiji kwa sababu Mto Ruvuma uko mbali. Lakini bwana mmoja alipita na nyaya mbili za shaba, zikapishana, akasema chini ya kiwanja changu unapita mto, tuchimbe mita 100. Nimpe kazi?

JIBU: Marahaba. Usimpe hata senti.

Hao wazee wawaangalie jirani zetu wa Lindi. Kilwa Kisiwani hakuna mto, na msafiri Ibn Battuta alipofika mwaka 1331 alikuta mji mkubwa. Watu walifuata biashara ya dhahabu ya Sofala, huko Msumbiji, wakachimba visima. Johannesburg nayo ilianza kwa dhahabu mwaka 1886, na leo inanywa maji yanayovutwa kutoka milima ya Lesotho. Dodoma inategemea visima vya Mzakwe.

Kinachonikera ni huo "mto wa chini". Jaza ndoo mchanga, mwagia maji mpaka yazame, kisha chimba kwa kidole. Popote utakapochimba, kishimo kitaingia maji. Ardhi yetu ya mchanga iko hivyohivyo, ndiyo maana nyaya "hupatia": angepatia hata akiwa amefumba macho. La kuuliza ni kama maji hayo ni matamu, na ni mengi kiasi gani.

Pwani, maji ya mvua huelea juu ya maji ya chumvi kwa kuwa ni mepesi. Kwa kukadiria, kila mita 1 ya maji matamu iliyo juu ya usawa wa bahari ina mita 40 chini yake. Pampu ikiyashusha mita 1 tu, chumvi nayo hupanda taratibu, hadi mita 40. Kushuka mita 100 ufukweni bila kupima ni kuifuata chumvi ilipo. Nimeonja visima vya namna hiyo: miezi ya mwanzo watu wanashangilia, baadaye sabuni haitoi povu na pampu inaliwa na kutu.

Tafuta mtaalamu apime ardhi kwa vifaa, na uulizie vibali Bodi ya Maji Bonde la Ruvuma na Pwani ya Kusini. Nyaya za shaba hazijui chumvi iko wapi. Nanyi wengine mnaopanga foleni ya visima virefu ufukweni, chumvi ikishapanda, kuzima pampu hakuishushi. Inasubiri mvua za miaka. Na haijui mpaka wa kiwanja. Mama wa nyumba ya pili, anayeteka kwa ndoo na kamba, ataigundua kwenye chai ya asubuhi.