Maswali ya Wasomaji: Lushoto na Milima Yake

SWALI: Napanda gari Mombo natokwa na jasho, nashuka Lushoto natafuta sweta. Ni kilometa 33 tu! Na mbona Bumbuli wanalima chai, lakini ukielekea Mtae huioni? – Msomaji, Korogwe

JIBU: Achana na kilometa, angalia kimo. Mombo iko mita 400 na ushee juu ya usawa wa bahari, mji wa Lushoto uko karibu mita 1,400. Kila ukipanda mita 100, joto hupungua kwa nyuzi 0.6 hivi. Kwa hiyo barabara ile inakupunguzia nyuzi 6 kabla hujakutana na wingu wala upepo. Ukisafiri kati ya Juni na Agosti, sweta iwe mkononi, si ndani ya begi lililofungwa juu ya gari.

Chai inahitaji maelezo mengine, kwa sababu pale kimo peke yake hakitoshi. Upepo wenye unyevu unatoka Bahari ya Hindi, ukiingia kwa mashariki na kusini-mashariki. Ukikutana na Milima ya Usambara hauna pa kupita ila juu. Ukipanda unapoa, na mvuke wake unageuka wingu, kisha mvua. Wanaoupokea wa kwanza ni Bumbuli, Mponde na msitu wa Mazumbai, na huko ndiko chai imekubali. Ukifika kingo za magharibi na kaskazini, kama Mtae, umeshamwaga sehemu kubwa ya maji yake. Ukianza kushuka, hewa inagandamizwa na kupata joto, mawingu yanayeyuka. Ndiyo sababu tambarare ya Mkomazi, chini kabisa ya milima hiyohiyo, ni nchi ya miiba.

Usiwe na haja ya kipimo cha mvua, tazama miti ya asili. Penye mkulo pana unyevu mwingi. Ukianza kuona mwangati, kama upande wa Shume, ujue umeingia eneo kavu zaidi, hata kama baridi ni ileile.

Na maji yenyewe hayabaki mlimani. Mto unaoporomoka Soni unateremka Mombo na kumwagilia mpunga, kisha unaingia Mto Mkomazi na hatimaye Mto Pangani. Mto Umba unaanzia msitu wa Shagayu, unavuka kwenda Kenya na kuingia baharini karibu na Vanga.

SWALI: Je, Usambara ni volkano kama Kilimanjaro? – Mwanafunzi, Tanga

JIBU: Hapana. Kilimanjaro imejengwa na lava. Usambara ni pande la miamba ya kale mno, iliyopikwa na joto na mgandamizo chini ya ardhi zaidi ya miaka milioni 500 iliyopita, kisha likainuliwa juu kwenye nyufa za ardhi. Kingo zake zimesimama kama ukuta kwa sababu hiyo. Bonde la Lwengera ndilo linalotenganisha Usambara Magharibi, yenye Lushoto, na Usambara Mashariki, yenye Amani. Kwa mkulima jambo hili lina uzito: huku hakuna majivu ya volkano ya kurutubisha udongo. Udongo mwekundu unaweza kwenda chini sana, ila rutuba yake kubwa imo katika tabaka jembamba la juu. Msomaji anayefuata asome hapa mara mbili.

SWALI: Nimerithi nusu eka ya mteremko karibu na Soni. Kila masika udongo unashuka hadi mtoni. Nianzie wapi? – Msomaji, Dar es Salaam

JIBU: Anza kwa kupima, tena wakati wa kiangazi. Jembe lije baadaye.

Tafuta miti miwili ya mita 2, uifunge iwe na umbo la A, na mti wa kukingama katikati. Ning'iniza uzi wenye jiwe kutoka kileleni. Simamisha kifaa, weka alama uzi unapogusa mti wa kukingama. Geuza miguu, kila mmoja usimame palepale ulipokuwa mwenzake, uweke alama ya pili. Katikati ya alama hizo mbili ndipo usawa ulipo. Sasa vuka shamba kwa upana, ukigeuza mguu mmoja baada ya mwingine, na kila uzi unapokaa katikati piga kigingi. Mstari wa vigingi utapinda. Usiunyooshe ili upendeze, maana palipokaa chini ndipo maji yatakapokusanyika na kupasua tuta.

Mstari unaofuata uwe chini zaidi kwa kimo cha mita 1.5. Mteremko ukiwa asilimia 30, yaani unashuka mita 3 kwa kila mita 10 za usawa, hiyo ni mita 5 kati ya tuta na tuta. Kwenye asilimia 50 ni mita 3. Zaidi ya hapo usihangaike na mahindi. Panda miti au majani ya mifugo.

Njia nyepesi ni fanya juu: chimba mtaro wa sentimita 60 kwa 60, tupa udongo upande wa juu, acha ukingo wa sentimita 20 hivi ili usirudi mtaroni. Juu ya tuta panda majani ya Guatemala, ambayo pia ni chakula cha ng'ombe.

Makosa ni yaleyale kila mahali. La kwanza ni kuufukia udongo wa juu chini ya ule mwekundu. Mazao yanadumaa msimu wa kwanza na mtu anasema matuta hayafai. Uweke pembeni, urudishe mwishoni. La pili ni kusahau njia ya maji ya ziada. Mitaro iishie kwenye njia yenye nyasi. Bila nyasi utakuwa umechimba korongo kwa mikono yako. Na upande wa mtoni acha mita 60 bila kulima, kama sheria ya mazingira ya 2004 inavyotaka, ingawa mabustani mengi ya kabichi yanaonyesha vingine.

SWALI: Nina siku moja. Irente au Mtae? – Msomaji, Arusha

JIBU: Irente. Ni kilometa 6 hivi kutoka mjini, kwa miguu unafika, na chini yako unaona nyika karibu mita 1,000. Nenda asubuhi jua likiwa mgongoni. Alasiri linakupiga usoni. Ukikuta ukungu, subiri saa moja kabla ya kukata tamaa. Hewa huwa safi zaidi mvua zikishakata, kabla vumbi na moshi wa mashamba havijatanda. Mtae inataka siku mbili na barabara kavu, lakini siku ya uwazi unaona Milima ya Pare, na ukibahatika Kilimanjaro.