Ukifika wodini Kampala na cheti cha kwenu

Wewe muuguzi unayekuja kufanya kazi Uganda, mambo ya karatasi yana mwisho. Utapeleka vyeti Baraza la Wauguzi na Wakunga, utatakiwa barua ya baraza la kwenu kuthibitisha leseni yako, utasubiri, utalalamika, utaitwa. Siandiki kwa ajili ya hayo.

Mimi nilisomea uuguzi Tanzania, nikaja Kampala nikijua Kiswahili changu ni mtaji. Wiki ya pili nikapangiwa wodi ya wanaume, zamu ya asubuhi. Kulikuwa na mzee wa miaka sabini na kitu, ana kidonda mguuni. Nikamsogelea na trei ya vifaa, nikasema kwa sauti ya kazi: "Mzee, lete mguu." Akavuta shuka mpaka kifuani, kisha akaweka mikono yote miwili juu yake, viganja wazi, kama mtu anayeonyesha kwamba hajaficha kitu. Nikadhani amechanganyikiwa, na hivyo ndivyo nilivyoandika kwenye faili. Msaidizi wa wodi, Mganda, akanivuta pembeni: "Sista, hawa wazee Kiswahili walikisikia kwenye vizuizi vya barabarani. Enzi za Amin, aliyekwambia 'lete' alikuwa na bunduki."

Kwangu mimi mtu wa Tanga, Kiswahili ni lugha ya bibi na uji wa asubuhi. Kwa wazee wengi wa Buganda ni lugha ya askari. Hata waliokuja 1979 kumtoa Amin walikuwa wanajeshi wa kwetu, wanaongea hiki hiki. Vijana hawana shida nacho, ila vitandani wamejaa wazee.

Kwa hiyo jifunze Kiganda cha kitandani kabla ya kile cha sokoni. "Wasuze otya, ssebo", yaani umeamkaje bwana, kwanza, ndipo ufunge mkanda wa presha. "Olumwa wa?" kuuliza panapouma. "Bambi", neno dogo la kumwonea mtu huruma. Ukilisema kwa wakati wake linapunguza kazi. Watacheka matamshi yako. Waache wacheke, kwani mgonjwa anayekucheka hakuogopi, na kidonda atakuachia ukisafishe.

Halafu siku nyingine ataletwa mama Mkongo, mkimbizi, amejibu "yes" kwa kila swali la daktari bila kuelewa hata moja. Hapo ndipo mtaji wako unapolipa. Atakwambia "tumbo inaniuma". Usimsahihishe ngeli mtu mwenye uchungu.

Usije ukidhani umekuja kufundisha tu. Mimi nilikuja na mazoea ya kukabidhiana zamu kando ya kitanda, mgonjwa akisikia, badala ya mezani, na wenzangu waliyapokea. Lakini kwenye maumivu nilikuwa mwanafunzi. Uganda ina historia yake ya morfini ya kunywa, dawa ya maumivu makali, tangu daktari Anne Merriman alipoanzisha Hospice Africa Uganda mwaka 1993, na tangu 2004 sheria inamruhusu muuguzi aliyesomea tiba shufaa, yaani kumpunguzia maumivu mgonjwa wa ugonjwa mzito, kumwandikia mgonjwa dawa hiyo mwenyewe. Usiku mmoja mgonjwa wa saratani alikuwa anaugulia, nami nimesimama na simu mkononi namtafuta daktari, kama nilivyozoea kwetu. Mwenzangu, ambaye mafunzo hayo anayo, akaniuliza: "Unamsubiri nani?" Akaandika, akapima, akamnywesha. Mwaka uliofuata niliomba kwenda kusoma.

La mwisho ni omujjanjabi, ndugu anayemuuguza mgonjwa. Ndiye anayemwosha, anayepika, anayekimbilia duka la dawa. Nimeona wageni wakimfokea kwamba anaziba njia. Mimi humuuliza yeye kwanza: amekula? amekojoa? usiku amesema nini? Chati yangu haijui hayo. Zamu ya usiku tembea na tochi, na imulike sakafuni kabla hujasogea karibu. Chini ya kitanda kuna mtu amelala kwenye mkeka.